Jiwe la Kulia Lililo Upande wa Kushoto

Kambini, 4 Juni

Dada yangu mpendwa,

Shika kiti kwanza ndipo usome. Umeshika? Haya. Mdogo wako, yule mliyekuwa mkimwita Mdomo, yule ambaye mwalimu alisema hatafika popote isipokuwa anakotumwa, anakaribia kuwa Mkuu wa Waongoza Wageni wa mlima mzima. Mlima, dada, si kilima! Mimi niliyemenya viazi melini mpaka nikazijua bandari kwa harufu, niliyebishana na mabaharia kwa lugha nisizozijua na bado nikawashinda, nimerudi nyumbani na mlima umenitambua.

Mambo ni hivi. Ofisi ya mlima inachora ramani mpya, ya kuonyesha kila mahali penye kisa cha kale. Wageni wa siku hizi hawataki kupanda tu. Kupanda hata mbuzi anapanda. Wanataka waambiwe. Basi Bwana Ofisa akaniita, akaniuliza, "Wewe unajua visa?" Nikamwambia, "Bwana, muulize samaki kama anajua maji." Nikampandisha mwenyewe. Kwanza Mlango wa Upepo, pale miamba miwili ilipobanana, ambapo ukipita bila kutaja jina lako upepo unalichukua unaondoka nalo. Bwana Ofisa alicheka, lakini jina lake alilitaja, tena pamoja na cheo. Kisha Pango la Ngoma, walimojificha wapiga ngoma wakikimbia vita na hawakutoka tena, na ukitega sikio unawasikia wakijaribu ngozi. (Ni maji yanadondoka ndani, lakini maji nayo yana haki ya kusikilizwa.) Kisha Kiti cha Jini. Jini huyo mimi nimemwongezea jino la dhahabu na hajalalamika.

Mwisho nikamfikisha kwenye Jiwe la Kulia, kule juu njia inapotulia kidogo kabla ya kona ya korongo. Dada, Bwana Ofisa alivua kofia! Jina lenyewe ni la zamani, wapagazi wa wakati wa Baba walikuwa wakilitaja. Ila kisa chake hakuna aliyekuwa nacho, basi nikakitafuta mimi mpaka nikakipata. Sasa Ofisi imekubali kiandikiwe kibao, na nani mwenye mkono wa kuandika vibao kuliko dada yangu? Andika hivi, kwa zile herufi zako zenye mikia:

HAPA MWANAMKE ALIYEFIWA NA MUMEWE MLIMANI ALIKUJA KULIA KILA SIKU. ALILIA MPAKA AKAGEUKA JIWE. MACHOZI YAKE YANATIRIRIKA HATA LEO.

Na kweli yanatiririka. Jiwe limesimama kama mtu aliyejitanda nguo, na maji yanatoka pale penye uso.

Ufunguzi ni mwisho wa mwezi huu. Mwambie Mama kiti chake kiko mbele, bega kwa bega na Bwana Ofisa. Tangu umhamishie mjini hajaukanyaga mlima wake, na alipougua mwaka jana nilijiapia kwamba akiinuka lazima auone tena kwa macho yake, hata nikimbeba mgongoni. Hilo la ukuu ni pambo. La Mama ndilo ninalolitaka.

Nampa barua hii dereva wa lori la mbao, kwa sababu simu huku hushika mtandao ukiwa juu ya paa la choo, na paa limechoka.

Ndugu yako, Mkuu Mtarajiwa

Tena: kisa hicho cha jiwe hakimhusu Mama hata kidogo. Ni mwanamke mwingine kabisa, wa zamani sana. Nasema tu.

*

Karakanani, 11 Juni

Mdogo wangu,

Barua imefika, ina utomvu wa mti na alama ya kidole cha dereva. Ubao niliuranda siku hiyo hiyo, nikaupaka rangi ya chini, nikauegemeza ukauke. Nilikuwa na nia njema kabisa na wewe mpaka juzi.

Juzi aliingia mwalimu mmoja mwanamke, anataka kibao cha maktaba ya shule yake. Napima herufi, yeye ananisimulia matembezi yake ya mlimani. "Kuna mwongozaji mmoja kule," anasema, "mdomo wake umepakwa asali." Nikajua ni nani. Akaanza kisa cha jiwe. Mimi katika barua umenipa mistari mitatu. Kumbe huko mlimani una gunia zima! Mwanamke huyo, anasema mwalimu, alikuwa mrefu, amejitanda mtandio wa bluu wenye kiraka cha njano. Alikuwa na pengo la jino la mbele. Mumewe alikuwa mpagazi, akateleza korongoni na mzigo wa chumvi mgongoni, akaacha binti na mvulana mdogo.

Mdogo wangu, kile kiraka cha njano nilikishona mimi.

Na Mama alikuwa hapo hapo, nyuma ya mbao, anachambua maharagwe. Mwalimu hakumwona. Akaendelea mpaka pale mwanamke anapogeuka jiwe, na wale watoto wake wanachukuliwa na nyani, nyani wanawalea. Mwalimu akafuta machozi. Sauti ikatoka nyuma ya mbao: "Na hao nyani waliwalisha nini?"

Mwalimu akashtuka. Akasema hilo hakuambiwa.

"Kamuulize," Mama akasema. "Maana huyo mvulana alikuwa hali maharagwe mpaka umemmenyea ngozi."

Mwalimu alipoondoka Mama alimaliza kuchambua maharagwe yake. Nikamkumbusha habari ya kiti chake cha mbele. Akaniambia, "Mwandikie ndugu yako. Mama yake ni jiwe. Jiwe halipandi gari." Tangu hapo jina lako halitaji. Mtu akikuulizia anasema, "Nani? Yule wa nyani?" Anacheka kwa mdomo tu, macho hayacheki. Namjua Mama. Ameumia.

Kibao sikiandiki. Sikiandiki mpaka umjibu swali lake, maana na mimi nalitaka jibu: kama yeye alikaa kule akilia mpaka akawa jiwe, sisi alitulea nani?

Jambo jingine dogo. Mimi nakumbuka Jiwe la Kulia lilikuwa upande wa kulia ukipanda. Ndiyo maana likaitwa hivyo. Mwalimu anasema la kwako liko kushoto. Nani kalihamisha?

Dada yako

*

Kambini, 15 Juni

Dada,

Kumbe mjini mna mahakama! Mnanihukumu hata bila kuniita shahidi.

La kushoto na kulia ni dogo. Inategemea mtu amelipa jiwe uso au mgongo. Nimevuka bahari, nitashindwa kujua kulia kwangu?

Sasa hilo jingine. Dada, ungewaona watu. Juzi alipanda mkandarasi mmoja, shingo kama gogo, njia nzima anagombana: njia mbovu, jua kali, mkate mgumu. Nilipofika pale pa machozi akaomba tumpe nafasi amkumbuke mama yake. Mkandarasi! Watu wanafunga vitambaa vyao kwenye kichaka karibu na jiwe. Kila mtu ana mtu wake wa kumlilia na hana mahali. Mimi nimewapa mahali. Hiyo ndiyo kazi ya hadithi, ama sivyo? Nyani niliwaweka kwa sababu watoto walibaki peke yao, na mgeni mmoja mwenye mtoto mchanga akaanza kulalamika.

Na usiseme nimetunga yote. Niliona mimi, kwa macho haya. Baba alikuwa hajamaliza msimu mmoja kaburini. Mama alikuwa akituaga kwamba anakwenda kuni, na siku moja nikamfuata bila yeye kujua, nikipita vichakani kama paka. Ukungu ulikuwa umemeza kila kitu kasoro mgongo wake na ule mtandio. Alikuwa amekaa ameinama, na mabega yanatikisika. Yanatikisika, dada, hayatulii. Upepo ulikuwa mkali, sikusikia sauti. Nikakimbia nikarudi nyumbani. Aliporudi nikamuuliza, "Mama, ulikuwa wapi?" Akanijibu, "Kwenye jiwe la kulia." Haya niambie wewe mwenye akili za mjini: mtoto akijibiwa hivyo, aelewe nini?

Melini kila baharia ana mama wa kumsifia. Huyu wake anapika kuliko wote, huyu wake aliua nyoka kwa kiatu. Mimi nilikuwa nawaambia wangu alimpenda mtu mpaka jiwe likalia. Mpishi mkuu akanipa nyama ya ziada. Niliporudi, kitu cha kwanza nilipanda kulitafuta jiwe hilo linalolia, na nikalikuta, linalia. Hapo ningefanya nini? Nisimulie habari za kokoto?

Msomee Mama barua hii. Mwambie sikumfanya jiwe kwa ubaya. Nilimfanya jiwe ili asiondoke.

Na kibao tafadhali. Ofisa ananisukuma. Usipoandika nitampa yule fundi wa njia panda, yule aliyeandika HATARI kwa herufi mbili zilizopinduka, na aibu itakuwa ya ukoo.

Mdogo wako

*

Karakanani, 19 Juni

Mdogo wangu,

Nimemsomea. Alikuwa ameshika kikombe cha chai, anatazama dirishani kana kwamba barua ni ya jirani. Nilipofika pale pa ukungu na mtandio akaweka kikombe chini. Nilipofika pa mabega, mabega yake yakaanza kutikisika. Nikaitupa barua nikamkumbatia, nikasema, "Basi Mama, basi, nitamwambia akome." Akawa ananisukuma kwa kiwiko. Mtu alikuwa anacheka! Anacheka mpaka meno ya bandia yakaanza safari ya kutoka.

Kisha akafuta macho. Akasema, "Kumbe aliniona." Baadaye tena, akiwa anafunga dirisha: "Masikini, alirudi peke yake kwenye ukungu ule."

Barua iliyoshikana na hii ni yake. Mimi ni mkono tu.

Dada yako

*

19 Juni hiyo hiyo

Wewe Mdomo,

Nasema mimi, anaandika dada yako. Nimemkataza asipambe.

Kwanza, nyani. Miaka yote niliyokuosha, nikakutoa miiba, nikakukimbiza na ufagio uende shule, sikumbuki kupata msaada wa nyani hata mmoja. Kama walikuwepo, mbona hawakunipokea ndoo?

Pili, huko kulia. Sikiliza maana sirudii. Baba yako na wenzake walikuwa wakipanda na mizigo. Wakifika kule juu wanatua, wanakula, ndipo wanaikabili ile kona. Walikuwa na jiwe lao bapa, pana kama kitanda. Wakaliita jiwe la kulia. La kulia chakula! Hapa dada yako ameacha kuandika ananitolea macho, eti miaka yote alidhani ni kulia na kushoto. Nilizaa watoto wawili wenye masikio manne, sijui yalikwenda wapi. Ni kweli liko mkono wa kulia ukipanda, lakini hilo ni bahati yake tu. Na hakuna aliyelia machozi pale. Nani apande mlima na gunia la chumvi ili akalie juu? Si angelia chini, mzigo ukiwa haujapandishwa?

Baba yako alipoanguka, wenzake waliendelea kupanda. Kazi ni kazi. Ila wakitua kula, mkono wa mgawaji ulikuwa umezoea. Akawa anagawa, na fungu la baba yako linatoka na linabaki pale juu ya jiwe. Kulila hawawezi. Kulitupa hawawezi. Mmoja wao akashuka mpaka mlangoni kwangu, akasema, "Shemeji, njoo utusaidie, chakula cha mwenzetu kinatuangalia."

Nikawa naokota kuni upande ule. Jua likisimama nafika, nakaa, nakula. Nakula, mwanangu. Nashiba. Nyumbani nilikuwa nawaambia, "Kuleni, mimi nimeshiba," na mliamini, na ilikuwa kweli. Cha sufuriani kikawa chenu wote wawili. Ndicho mlicholelewa nacho. Baba yenu aliwalisha akiwa amekwisha kufa.

Siku hiyo ya ukungu kulikuwa na mpagazi mmoja mwenye kigugumizi, kakaa chini ya jiwe, ndiyo maana hukumwona. Alikuwa anatusimulia alivyogombana na punda. Kisa kilikuwa kirefu, maana yeye ana kigugumizi na punda naye alikuwa na maneno mengi. Nilicheka mpaka kiazi kikanipalia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nilishtuka mwenyewe kusikia sauti yangu. Ndiyo hayo mabega uliyoyaona.

Sijasema sikulia. Nililia jikoni, nikasingizia moshi. Huko hukuniona, na sikutaka mnione. Usije ukaweka kibao jikoni.

Tatu, hilo jiwe lako la kushoto nalikumbuka. Linatoka maji tangu sijaolewa. Lina mafua tu. Usilisingizie mambo ya watu.

Swali langu la mwisho: wageni wako wakifika pale, huwa wanakaa wapi kula?

Mama yako, ambaye si jiwe

*

Kambini, 26 Juni

Dada, na wewe Mama kama unasikiliza,

Barua ilinikuta asubuhi nikiwa njiani na kundi la wageni. Niliisoma natembea, na nikajikwaa mahali ambapo hata mtoto hajikwai. Wageni wakadhani nimepata msiba. Nikawaambia hapana, nimepata mama.

Tulipofika juu wakafanya kama wanavyofanya wote. Wakatua mifuko. Wakakaa juu ya lile jiwe bapa la upande wa kulia, wakafungua vyakula vyao, wakageuza nyuso kulitazama lile la mafua, wanasubiri niwalize. Dada, mimi nimesimama. Misimu yote hii nimekuwa nikiwakalisha watu juu ya Jiwe la Kulia, nawaonyesha jingine! Hata mimi mwenyewe nimelala usingizi pale mara ngapi, nimejifunika kofia, nikisubiri wamalize kutafuna.

Mzee mmoja mwenye miwani akaniuliza, "Haya, mwongozaji, jiwe lenyewe lipi?"

Nikajibu, "Mmelikalia."

Wakaruka wote kama waliokalia siafu. Nikawaambia, rudini, kaeni, muendelee kula. Nikawasimulia la mgawaji na fungu lililobaki. Sikuongeza kitu. Unanijua, dada, mimi hata salamu naiongeza chumvi, lakini hapo kila nilipotaka kuongeza nilikuta hakuna pa kutia. Hakuna aliyelia. Walikula polepole tu, na hakuna aliyetupa ganda. Tulipoinuka kuondoka nikaona kuna nusu ya mkate imebaki katikati ya jiwe, imewekwa vizuri juu ya jani. Sikuuliza ni ya nani.

Sasa la Bwana Ofisa. Nilimweleza. Akaniangalia kama mtu aliyeletewa soksi moja. "Kula? Mtu apande mlima wote ule aambiwe kwamba watu walikula?" Ramani iko kwa mpiga chapa, kwenye jiwe pamechorwa tone la chozi. Akanipa njia mbili: siku ya ufunguzi nisimame nisimulie la machozi kama zamani, niwe Mkuu, au jiwe lifutwe kwenye ramani na ukuu apewe Kiroboto, yule mwenzetu anayeamini mlima una pande mbili tu, kupanda na kushuka.

Nikamwomba nikafikirie. Nikafikiri mpaka kwenye kona ya choo, nikarudi. Nikamwambia, "Bwana, mama yangu amekataa kuwa jiwe, na mimi siwezi kumlazimisha."

Kwa hiyo hivi sasa Kiroboto ana beji kifuani na anatembea kifua mbele kama jogoo wa mkutano. Kiti cha mbele amepewa mkewe. Ubao wako, dada, ufanyie kazi nyingine, usiharibike.

Mwambie Mama swali lake la nyani halina jibu. La wageni kukaa wapi, nimeshalijibu. Sasa hana sababu ya kuja, najua. Hakuna ufunguzi wala ofisa wala kiti. Kuna mlima tu, na mimi.

Mdomo

*

Karakanani, 1 Julai

Mdogo wangu,

Alinifanya nisome mara mbili pale pa mkate juu ya jani. Kisha akauliza lori la mbao linarudi lini.

Nikamwambia, "Mama, ufunguzi umekwisha pita." Akasema, "Kwani mimi ni mkasi wa kukata utepe? Nakwenda kula."

Basi pokea mzigo wako. Anakuja na dereva, amekaa mbele, na amekwisha mkataza dereva kuvuta sigara na kupiga honi. Mimi sitoki, nina vibao vya zahanati na mlango wa kinyozi, na wote wananingoja. Usimbebe mgongoni mbele za watu, hatakubali. Tafuta kiti na miti miwili ya kukibebea. Goti lake la kulia likianza kumsumbua atasema ni viatu. Usimwamini.

Ubao upo nyuma ya lori, umefungwa blanketi. Nimeandika alivyoniambia yeye, na herufi zina mikia kama ulivyotaka. Usinibishie maneno.

Viazi viko kwenye kapu jekundu. Ukimdondosha Mama usiniandikie tena.

Dada yako

*

Kambini, 9 Julai

Dada,

Mama ni mzima, sijamdondosha, na goti lilipouma alisema ni viatu.

Tulimfungia kiti kwenye miti miwili, tukapokezana waongozaji wote. Hata Kiroboto alikuja na beji yake akashika mbele. Mama akamuuliza, "Wewe ndiye mkuu?" Akasema ndiyo. "Basi nenda polepole, mkuu, hujabeba mahindi." Pale Mlango wa Upepo nikamwambia ataje jina lake, upepo usije ukalichukua. Akasema, "Upepo huu? Huu mimi nimeuzoea ukiwa bado mdogo." Pango la Ngoma aliniambia nishushe kiti, akatega sikio, akatikisa kichwa. "Wamechoka hawa," akasema, "zamani walikuwa wanapiga vizuri zaidi." Kumbe na hilo alikuwa analijua, nami miaka yote nilidhani nimeokota pango lisilo na mwenyewe.

Kule juu alikataa kusaidiwa. Alikwenda mwenyewe kwa miguu yake mpaka kwenye jiwe, akaliwekea mkono kama unavyompima mtoto homa. Akakaa, lakini ukingoni kabisa. Nikamwambia, "Mama, sogea katikati, utaanguka." Akasema, "Hapo pana mtu."

Kiroboto alivua kofia, na hakuna aliyemwambia avue.

Akafungua kapu. Akamenya kiazi, akagawa na chumvi kwenye jani, fungu lake na fungu jingine pembeni yake. Akaliangalia lile fungu la pili. Mimi nimesimama, mikono sijui niipeleke wapi. Kisha akapigapiga jiwe pale palipokuwa na mtu, akaniambia, "Njoo ukae. Umekuwa mkubwa sasa, unapatosha." Nikakaa. Dada, mimi nimekaa viti vya nahodha alipokuwa hayupo, nimekaa kwenye magari ya watu wakubwa, lakini pale nilikaa kama mtu anayekalia yai. Tukala. Kiazi kilikuwa kiazi tu, na sijawahi kula kitu kama kile.

Ubao tumeusimamisha upande wa kulia wa njia, kwa mawe na udongo. JIWE LA KULIA. KARIBU CHAKULA. Kiroboto aliuangalia, akaangalia huku na huku, akasema yeye hajaona kitu, akasaidia kushindilia udongo. Kwenye ramani ya Ofisa hatupo.

Sasa nisikilize, kwa sababu hapa ndipo nina swali nawe. Tukiwa bado tunakula likatokea kundi la wageni, wamechoka, wanasoma ubao. Mmoja akauliza maana yake. Mimi nikafungua mdomo, Mama akaniwekea mkono juu ya goti. "Sogeeni," akawaambia, "kaeni, jiwe ni refu. Kisa hiki ni changu." Akawasimulia. La wapagazi, la fungu, la mwenye kigugumizi na punda, akiigiza wote wawili. Watu wanacheka, wanafuta macho, hawajui wanafuta ya nini. Akamaliza? Hakumaliza! Akateremsha sauti, akawaambia kwamba siku za ukungu alikuwa anakuja chui. Chui, dada. Eti anakaa kule kwenye jiwe lenye mafua, amekunja miguu kwa adabu, anasubiri, na wao wanamtupia kipande, anakipokea, anaondoka zake bila kugusa mtu.

Wageni wote wakageuka kulitazama lile jiwe. Mmoja akavuta miguu yake.

Nikamnong'oneza, "Mama, chui katoka wapi?"

Akaninong'oneza, hata hakugeuka, "Nyamaza, wageni wanasikiliza."

Anasema atakaa huku mpaka lori la mwezi ujao, na kesho anataka apandishwe tena. Nimemuuliza usiku na asubuhi habari ya chui, ananijibu kwa kuniagiza maji. Wewe ulikuwa mkubwa wakati ule, ulikuwa unajua mambo ya nyumba. Nijibu upesi kabla sijamsimulia mtu: yule chui alikuwepo, au hakuwepo?

Ndugu yako, mtoto wa mwenye jiwe